Ugani kwa wakulima wa mboga za biashara: tunachokosa ni mtaalamu anayerudi

Mkulima wa Bumbwisudi aliandika:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimelichelewesha andiko hili tangu kipupwe kilichopita kwa kuwa nilihofia kuliandika nikiwa na hasira, na mwenye hasira humlaumu aliye karibu badala ya aliye na kosa. Sasa hasira imepoa, deni limelipwa nusu, na nadhani naweza kulieleza jambo lenyewe kwa utulivu.

Ninalima mboga za kuuza upande wa Bumbwisudi, eka moja na nusu, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Tungule, yaani nyanya, ndizo zinazolipa ada za skuli, bilingani na pilipili boga hufuata, na mchicha ni wa fedha ya mkononi ya kila wiki. Mwaka jana nilipanda robo eka ya tungule, miche 2,000 na ushei, mwanzoni mwa Juni baada ya mvua za masika kukatika. Katika wiki ya sita, siku ya Jumatatu saa saba mchana, niliikuta miche kama 40 imelala. Majani yalikuwa bado mabichi, hayana doa wala njano, yamelegea tu. Jioni baadhi yake iliinuka, nami nikajiambia kwamba lilikuwa jua.

Kesho yake nilimpigia simu bwana shamba wetu. Alikuwa kwenye semina, akaniahidi kuja, na alifika siku ya 11. Katika siku hizo nilikwenda duka la pembejeo mara tatu, na kila safari nilirudi na chupa: ya kwanza ya ukungu, ya pili ya wadudu, na ya tatu sikuambiwa ni ya nini, niliambiwa tu kwamba ni kali. Nilizipulizia zote, na miche iliendelea kulala mstari kwa mstari, ikifuata mteremko wa maji ninayomwagilia. Ningekuwa najua la kutazama, mteremko ule peke yake ungenitosha.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma kilimo pale Kizimbani, kwenye chuo ambacho siku hizi kiko chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kwa ajili ya chakula cha mchana tu. Aliomba gilasi ya maji safi, akakata kipande cha shina karibu na ardhi, kiasi cha urefu wa kidole, akakishikilia ndani ya gilasi bila ya kukitikisa. Hazikupita dakika tano. Pale palipopita kisu pakaanza kushuka uzi mweupe mwembamba, kama tui linalochuruzika kwenye kung'uto, ukafika chini ya gilasi na kutanda. Akasema, "Mjomba, huu ni mnyauko wa bakteria na hauna dawa. Ing'oe, ichome moto, na hapa usipande tena tungule wala bilingani wala pilipili mpaka ipite misimu kadhaa." Zile chupa tatu zilikuwa zimepangwa barazani mbele yetu, na yeye kwa adabu yake hakuzitaja.

Kwa hiyo kujua kulihitaji gilasi ya maji na kisu. Kutokujua kumenigharimu fedha za dawa, siku za vibarua na sehemu kubwa ya robo eka, kwa kuwa kila nilipomwagilia nilikuwa naupeleka ugonjwa mstari unaofuata.

Wenye umri wangu mtakumbuka shamba darasa. Utaratibu ule ulizaliwa Indonesia mwaka 1989, wakati FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipokuwa ikiwafundisha wakulima wa mpunga kuwatazama wadudu kabla ya kukimbilia bomba la dawa, na hapa Zanzibar ulienea sana kuanzia mwaka 2007 kupitia ASSP, programu ya kusaidia huduma za kilimo, iliyopata fedha za IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo. Faida yake, kwa maoni yangu, ilitokana na jambo moja tu: kundi lile lile lilikutana kwenye shamba lile lile, siku moja ya kila wiki, tangu kitaluni hadi mavunoni. Mche ukiumwa Jumatano hii, Jumatano ijayo mnauona umekuwaje. Siku hizi kilichobaki kwetu zaidi ni semina ya ukumbini, yenye karatasi, sambusa na picha ya pamoja mlangoni. Nimehudhuria saba. Katika kila moja nimejifunza kitu, lakini hakuna mwalimu hata mmoja kati ya wale anayejua maji yangu yanateremkia wapi.

Tena sisi wa biashara tuna shida ambazo semina haizigusi. Anayelima kwa ajili ya chungu chake akikosa tungule wiki hii atapikia ukwaju na maisha yataendelea. Mimi nikikosa nimepoteza mteja na marejesho ya mkopo. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo raha ya tungule hapa kwetu, kwa kuwa usiku una ubaridi kidogo na maua hushika. Basi kila mtu hupanda kipupwe, na mavuno yakikutana mnadani Mwanakwerekwe dalali hata hapandishi sauti. Kaskazi ikiingia, kuanzia Disemba hadi Machi, usiku nao huwa na joto, chavua hufa, maua hupukutika, na wakati huo ndipo hoteli za Nungwi na Paje zinapojaa wageni. Masika ukungu hula majani, na soko likajazwa na tungule za Bara. Juu ya hayo yote kuna Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, kwa hiyo anayetaka matikiti yake yafike mezani wakati wa futari anapaswa kuhesabu siku kama 80 kurudi nyuma, na hesabu ya mwaka jana haimfai mwaka huu. Sijapata kuona ratiba ya ugani iliyopangwa kwa kufuata kalenda hii.

Ninachopendekeza ni kwamba wakulima wa mboga wa eneo moja, tuseme 15 wenye mashamba yanayokaribiana, wachange nauli na mafuta ya pikipiki, wakubaliane na mtaalamu mmoja siku moja ya wiki, na siku hiyo azunguke mashamba yale yale msimu mzima, awe na kazi au asiwe nayo. Nakaribisha kupingwa.

Bibi Shamba Mstaafu aliandika:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya ugani Unguja hadi nikastaafu, na andiko lako nimelisoma mara mbili, la pili nikiwa na miwani.

Nianze na hizo siku 11, kwa kuwa watu wa nje huzisoma kama uvivu. Katika wiki yangu ya kawaida siku moja ilikuwa ya takwimu za mpunga, siku moja ya kitalu cha mikarafuu, siku moja ya wageni wa mradi, na zilizobaki niligawa baina ya shehia zaidi ya moja, kwa pikipiki ambayo mafuta yake wakati mwingine yalitoka kwenye mkoba wangu. Muhogo ukiumwa unakusubiri hata mwezi. Mboga ni kama mtoto mchanga, analia usiku na mchana, na sisi tulipangiwa kazi kana kwamba mazao yote ni muhogo. Hapo nakubaliana nawe kabisa kwamba kasoro iko kwenye namna kazi ilivyopangwa.

Lakini na nyinyi wakulima mna lenu. Mara ngapi nimefika shambani nikamuuliza mtu amepulizia nini, akanijibu "dawa"? Dawa gani, kiasi gani, lini, hajui, na chupa ameshaitupa au mtoto anaichezea. Wengine huing'oa miche iliyougua na kuificha kabla sijafika, kama mtu anayefagia nyumba kwa ajili ya mgeni, kisha wananiuliza tatizo ni nini. Mtaalamu anayerudi bila ya daftari la shamba anarudi kuanza upya kila wiki. Andikeni tarehe ya kusia, tarehe ya kupandikiza, mbolea, dawa na kiasi chake, mvua iliyonyesha, na idadi ya matenga mliyovuna. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha.

Shamba darasa nalo usilipambe kupita kiasi. Niliendesha kadhaa. Yale yaliyokuwa na shamba la kikundi, ambalo ni la wote na si la mtu, mara nyingi yalikauka, maana kila mmoja alidhani mwenzake atamwagilia. Yaliyofanikiwa ni yale tuliyozunguka kwenye makonde ya watu wenyewe, leo kwa Fulani, wiki ijayo kwa Fulani, kwa sababu hakuna anayependa wenzake wamkute na magugu. Kwa hiyo mpango wako wa kuzunguka mashamba ya watu naupenda kuliko ule wa zamani unaousifu.

Wasiwasi wangu uko kwenye mchango. Mtaalamu akilipiwa mafuta na wenye eka moja na nusu, atakwenda kwao kwanza, na yule mama mwenye matuta sita ya mchicha nyuma ya nyumba atasubiri mpaka siku zake nazo ziwe 11. Naye pia anauza, na watoto wake wanaula mchicha ule ule. Mkiupanga mchango wenu, upangeni kwa ukubwa wa konde, na njia ya kuzungukia ipite kwake.

Kijana wa Simu aliandika:

Kwa heshima zote, haya mambo ya pikipiki na mafuta yamepitwa na wakati. Kundi letu la WhatsApp lina wakulima zaidi ya 200. Unapiga picha, unaituma, na ndani ya dakika 10 umeshapata jibu bila ya kumsubiri mtu.

Bibi Shamba Mstaafu aliandika:

Umepata jibu moja au 14, mwanangu? Nakuuliza kwa sababu nilishuhudia. Kijana mmoja wa Makunduchi, shamba lake liko kwenye ardhi ya uwanda, alituma picha ya pilipili boga zilizogeuka njano. Majibu yalimiminika na mengi yalisema atie urea. Akatia, akarudia, na njano haikuondoka. Nilipokwenda nilitazama kwanza miguuni kwangu: udongo mchache juu ya jiwe la matumbawe, chokaa tupu. Kisha nikainama. Majani machanga ya juu yalikuwa njano na mishipa yake imebaki kijani, lakini majani ya chini, yale makongwe, yalikuwa mazima. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka njano kwenye majani ya chini. Ule ulikuwa na njaa ya chuma, ambacho kwenye ardhi yenye chokaa nyingi hufungika na mizizi haiwezi kukichukua hata kikiwepo. Akapulizia chuma majanini, akaanza kujaza samadi na mboji kwenye mashimo, na majani yaliyochipua baada ya hapo yalikuwa na rangi yake.

Picha yenyewe haikuwa na kosa, ila ilipigwa kwa juu, na katika watu wote wa kundi hakuna aliyemwambia apige na majani ya chini, wala aliyeuliza shamba liko kwenye udongo gani. Simu naitaka, tena sana, iwe ya kumwita anayekuja na kumkumbusha anayerudi.

Mama wa Konde aliandika:

Nawasalimu kutoka Pemba. Mimi ni mkulima wa mboga na ni mwanamke, na ningependa liongezwe jambo ambalo kaka yetu wa Bumbwisudi hakuligusa, pengine kwa kuwa halimfiki.

Semina huitishwa saa nne asubuhi. Saa nne mimi nimetoka kumwagilia, nimeshapeleka mboga sokoni, na nina chungu jikoni kinachonisubiri. Mwaliko hupitia kwa sheha, na sheha huandika jina la mwenye shamba, ambaye kwa karatasi ni mume wangu, ingawa yeye ni mvuvi na hajapata kushika jembe tangu tuoane. Amekwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi na fulana nzuri, na nilipomuuliza wamefundishwa nini akaniambia, "Mambo ya wadudu." Mtaalamu anayerudi, kama atapatikana, na arudi saa za alasiri, na amuulize mwenye mikono yenye udongo.

Baada ya hayo nina swali. Nina sehemu mbili. Ya bondeni huwa natia mboga baada ya kuvuna mpunga, na kule sina malalamiko. Ya juu, karibu na kisima, ni mchanga, nimepanda tungule msimu wa tatu mfululizo. Tangu juzi mistari miwili inalegea mchana na kuinuka jioni, kama ile iliyoelezwa hapo juu, na miche yake imedumaa. Nilipoisoma habari ya gilasi moyo ulinishuka. Kesho asubuhi inshallah nitajaribu.

Mwenye Duka aliandika:

Nadhani nimetajwa bila ya kutajwa, maana maduka ya pembejeo ndiyo yaliyouza zile chupa tatu. Nakiri sehemu yangu. Mteja huniletea jani moja lililosinyaa mfukoni, tena la jana, na nyuma yake wamesimama watu wanne. Nikimwambia sijui, atakwenda duka la pili. Nikimuuliza maswali matano, atasema namchelewesha. Wengi hawaombi dawa ya ugonjwa, wanaomba "iliyo kali". Hata hivyo sina faida ya kumuuzia mtu kitu kisichomfaa, kwani akipata hasara msimu huu, msimu ujao hana cha kunilipa.

Nitoe mfano wa kantangaze, yule mdudu wa tungule mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia Hispania mwaka 2006 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2014. Mkulima akiniambia dawa ya mwezi uliopita imeshindwa, humshauri abadilishe. Naye hubadilisha jina la chupa. Alikuwa na yenye abamectin, anachukua yenye emamectin, akidhani amehama, kumbe zote mbili ni za kundi namba 6, zinamshambulia mdudu kwa njia moja, na wadudu waliozoea ya kwanza wameshajifunza njia ya kuikwepa ya pili. Namba ya kundi mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, ndani ya kisanduku kidogo. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna nazo zimeandikwa hapo hapo, lakini nimewaona watu wanaopulizia Alkhamisi na kuvuna Jumamosi kwa kuwa bei imepanda.

Kama mpango huu utaanza, ombi langu ni kwamba mtaalamu ampe mkulima kikaratasi chenye jina la tatizo na kundi la dawa, kama daktari anavyomwandikia mgonjwa. Nitakiheshimu. Na siku ambayo kikaratasi kitasema hakuna dawa, kama ilivyokuwa kwa ndugu yetu, sitamuuzia kitu.

Mnunuzi wa Mboga aliandika:

Nitasema machache. Ninapeleka mboga hotelini. Hoteli inanunua Jumanne na Ijumaa. Inataka wiki hii ipate kreti kumi, wiki ijayo kumi, na ile inayofuata kumi, za ukubwa mmoja. Mkulima wa hapa huniletea kreti 30 kwa mkupuo mmoja, kisha hupotea miezi miwili, nami nalazimika kupiga simu Lushoto na Arusha, na niaminini kwamba siifurahii nauli ya bahari. Mtaalamu wenu awafundishe kusia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu badala ya kupanda shamba zima siku moja. Pia ajue kwamba hoteli hulipa baada ya siku 30, wakati mwingine 45, kwa hiyo mkulima ambaye mavuno yake yote yamekwenda hotelini atakwama kumlipa kibarua. Mimi humwambia kila mtu abakishe tuta la mnadani. Lile daftari la dawa alilolitaja Bibi, wapo wapishi wakuu ambao wameshaanza kuniuliza kama ninalo.

Mkulima wa Bumbwisudi aliandika:

Nawashukuru nyote. Baadhi ya mliyoyasema nimeyapokea kwa shida, hasa la kuficha miche iliyougua, kwa sababu niliwahi kulifanya.

Nimerekebisha. Tumekubaliana wakulima 12 hapa kwetu, wanne kati yao wanawake, na mmoja ndiye yule mwenye matuta ya mchicha, kwa maana katika kila mtaa yuko. Mchango umepangwa kwa ukubwa wa konde. Mwenye matuta hatoi kitu, ila kwa hiari yake ameahidi kahawa. Siku tumeichagua Jumatano baada ya sala ya alasiri. Madaftari nimeyanunua, yale ya skuli ya kurasa 96, na kila mmoja atalitundika kwenye kibanda chake. Mzunguko wa kusia tutaupanga pamoja, ili kipupwe hiki tusikutane wote mnadani wiki moja.

Pale palipougua nimepanda mahindi, na mnavu naung'oa kila unapoota, kwa kuwa mpwa wangu ameniambia kwamba nao ni wa ukoo mmoja na tungule na unaweza kuuhifadhi ugonjwa. Jembe na viatu vya upande ule haviji upande huu. Tunataka pia kujaribu kubebesha miche, yaani kuunga kichwa cha tungule juu ya shina la bilingani lenye uvumilivu wa mnyauko. Kituo cha Kimataifa cha Mboga kimekuwa kikipendekeza bilingani aina ya EG203 kwa kazi hiyo. Tutaanza na miche 100 tu, kwa sababu mche uliobebeshwa unataka kivuli na unyevunyevu kama wiki moja hadi ushikane, na sisi mikono yetu imezoea jembe.

Kilichobaki ni mtaalamu. Bwana shamba wetu sijamwambia bado, nasubiri nikutane naye uso kwa uso.

Afisa Ugani aliandika:

Mimi ndiye niliyefika siku ya 11. Siku ile niliiona ile robo eka nikarudi nyumbani bila ya kula, na sikujua niseme nini, kwa hiyo niliandika taarifa tu nikaipeleka. Sikuwa na mafuta kwa siku sita kati ya hizo 11. Hilo sikukwambia kwa simu kwa kuona haya.

Jumatano alasiri ninayo nafasi. Nitamwarifu mkuu wangu wa kazi ili mchango wenu usije ukaeleweka vibaya, na napendelea mmlipe mwenye kituo cha mafuta moja kwa moja, msinikabidhi fedha mkononi. Nitakuja na mpwa wako kama atapewa ruhusa chuoni.

Mama wa Konde aliandika:

Nimefanya kama ilivyoelezwa. Nilikata mashina matatu kutoka miche mitatu tofauti, nikatumia gilasi tatu, na wanangu wote wakakusanyika kama wanaotazama televisheni. Tulisubiri robo saa. Maji yalibaki safi katika gilasi zote, hakuna kilichoshuka.

Basi nikang'oa mche mzima kwa uangalifu nikausuuza mizizi. Ina vinundu, vingine kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama shanga, vimeshikana na mzizi wenyewe na havibanduki. Mche wa mstari ulio mzima nao nikaung'oa, roho ikiniuma, na wake una vichache. Ule wa bondeni hauna hata kimoja.

Bibi Shamba Mstaafu aliandika:

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi niliowafundisha, na zaidi kwa kuung'oa ule mzima ili uulinganishe. Hiyo ni minyoo fundo. Huishi ndani ya udongo, hasa wa mchanga kama huo wako wa kisimani, na kila unaporudia tungule unailisha. Bondeni huioni kwa sababu maji ya mpunga husimama muda mrefu na huipunguza sana.

Miche inayolegea iondoe pamoja na mizizi yake yote uichome, usiitie kwenye jaa la mboji. Hiyo mingine imwagilie kidogo kidogo mara nyingi, utavuna kiasi. Ikiisha, hapo juu panda njugu nyasa, kwa kawaida minyoo hii haizipendi, na jaza samadi iliyooza vizuri. Bamia usithubutu kuipanda hapo, itaugua kuliko tungule. Ukirudi kwenye tungule tafuta pakiti ya mbegu iliyoandikwa herufi N baada ya jina, maana yake ina kinga ya minyoo hii. Lakini ujue kwamba kinga hiyo hulegea udongo ukipata joto la zaidi ya nyuzi 28, kwa hiyo tandaza majani makavu juu ya tuta na usiipande kaskazi.

Mwanangu wa kike ameolewa Wete na nilikuwa nimepanga kuvuka wiki ijayo. Jumapili alasiri nitafika kwako. Mizizi ya mche mmoja usiichome, iweke kwenye mfuko wenye udongo wake na unyevu kidogo, na unitumie kwa ujumbe wa faragha maelekezo ya njia kuanzia sokoni Konde. Baada ya hapo nitarudi tena njugu zikianza kutoa maua.